Sekunde Nne za Clearwater: Mahali Sheria ya Kujilinda ya Florida Inapohitaji Marekebisho

Alasiri ya tarehe 19 Julai 2018, Markeis McGlockton, mwenye umri wa miaka 28, aliingia katika duka la Circle A mjini Clearwater, jimbo la Florida, akiwa na mwanawe wa miaka 5. Mzazi mwenzake alibaki garini na watoto wawili wadogo, mmoja wa miaka 3 na mwingine wa miezi 4. Gari lilikuwa limeegeshwa kwenye nafasi iliyotengwa kwa watu wenye ulemavu, nao hawakuwa na kibali. Hilo ni kosa, tena kosa linalowaumiza watu wasio na pengine pa kuegesha, na sina nia ya kulifunika.

Michael Drejka, miaka 47, alifika pale, akalizunguka gari akitafuta kibali, kisha akaanza kuzozana na mama aliyekuwa ndani. Sauti zikapanda. Mteja mmoja akaingia dukani akasema nje kuna mtu anamsumbua mwanamke. McGlockton akatoka kwa haraka, akamfikia Drejka, akamsukuma kwa nguvu mpaka akaanguka. Drejka, akiwa amekaa chini kwenye lami, akachomoa bastola aliyokuwa na leseni ya kuibeba, akailenga, akafyatua risasi moja. Ilimpata McGlockton kifuani. Alikimbilia ndani ya duka huku ameshika kifua, akaanguka karibu na mtoto wake. Hakupona.

Kamera ya usalama ya duka ilinasa yote hayo. Ukiitazama video kwa utulivu unaona jambo ambalo maneno ya mashahidi pekee yasingeweza kulithibitisha. McGlockton akishamsukuma mwenzake hamrukii. Bastola inapojitokeza, anarudi nyuma hatua kadhaa na mwili wake unaanza kugeukia upande wa mlango wa duka. Ndipo risasi inapotoka. Tangu Drejka aanguke hadi afyatue ni kama sekunde nne, au tano ukihesabu kwa ukarimu. Swali lote la kisheria limo humo: je, mtu aliyesukumwa chini, anayemwona aliyemsukuma akirudi nyuma, ana sababu ya kuamini kwamba asipopiga risasi sasa hivi atauawa au ataumizwa vibaya?

Kesho yake Sherifu, yaani mkuu wa polisi, wa kaunti ya Pinellas ulipo mji wa Clearwater, Bob Gualtieri, aliwaita waandishi wa habari na kusema kwamba hatamkamata Drejka. Alieleza kuwa anaona tukio limeangukia ndani ya mipaka ya sheria ya Florida inayompa mtu haki ya kutorudi nyuma, kwamba sheria hiyo inamfunga mikono, na kwamba jalada litapelekwa kwa mwendesha mashtaka aamue. Gualtieri ni mwanasheria, si askari anayebahatisha vifungu. Kwa hiyo maneno yake yanastahili kupimwa kwa uzito, kifungu kwa kifungu, maana ndiyo yaliyomwacha mtu aliyemuua mwenzake mchana kweupe, mbele ya kamera, aende nyumbani kwake kwa siku 25.

Watu waliandamana. McGlockton alikuwa Mweusi na Drejka ni mzungu, na Florida ilikuwa bado haijasahau kijana Trayvon Martin aliyeuawa mjini Sanford Februari 2012, ambapo pia polisi hawakumkamata muuaji mpaka wiki sita zilipopita na nchi nzima ikapaza sauti. Hasira ya Clearwater ilikuwa na mizizi. Lakini hasira nyingi zilielekezwa kwenye maneno mawili matatu ya sheria, yale ya kutorudi nyuma, ambayo, kwa maoni yangu, hayakuwa chanzo halisi cha uamuzi wa sherifu. Hapo ndipo kisa hiki kinapokuwa na faida kwa yeyote anayetaka kujua sheria ya kujilinda irekebishwe wapi.

Sheria inasema nini hasa

Sheria ya zamani ya Uingereza, ambayo ndiyo mama wa sheria za majimbo ya Marekani na pia za nchi zetu, ilimtaka mtu aliyeshambuliwa nje ya nyumba yake akwepe kwanza kama anaweza kukwepa kwa usalama, kabla ya kutumia nguvu ya kuua. Ndani ya nyumba yake hakuwa na wajibu huo. Msomaji wa Kenya atakumbuka kwamba kifungu cha 17 cha Kanuni ya Adhabu bado kinairudisha hoja ya kujilinda moja kwa moja kwenye misingi hiyo ya Kiingereza. Florida nayo ilifuata njia hiyo hiyo hadi mwaka 2005.

Aprili 2005 Gavana Jeb Bush alitia saini mswada ulioanza kutumika tarehe 1 Oktoba mwaka huo. Katika Bunge la Wawakilishi la jimbo ulisukumwa na Dennis Baxley, na nje ya bunge ulipiganiwa na Marion Hammer, mshawishi mkongwe wa chama cha wamiliki wa bunduki, NRA. Wengi wanaujua kwa jambo moja: uliondoa wajibu wa kukwepa. Mtu aliye mahali ambapo ana haki ya kuwa, na ambaye hatendi uhalifu, anaruhusiwa kubaki pale pale na kutumia nguvu ya kuua, mradi anaamini kwa sababu za msingi kwamba ni lazima afanye hivyo ili kuzuia kifo au madhara makubwa yaliyo karibu kumpata yeye au mtu mwingine. Majimbo mengi yameiga tangu hapo. Ohio iliingia Januari 2021 kwa saini ya Gavana Mike DeWine.

Jambo la pili halikupigiwa kelele sana, nalo limo katika kifungu cha 776.032. Anayetumia nguvu kwa mujibu wa sheria hiyo hapewi utetezi tu wa kwenda kuutoa mahakamani. Anapewa kinga dhidi ya mashtaka yenyewe. Kisha kifungu kinafafanua kwamba neno mashtaka linajumuisha kumkamata mtu na kumweka mahabusu. Na kinaongeza kuwa polisi wanaweza kuchunguza kama kawaida, ila hawaruhusiwi kumkamata mpaka wapate sababu ya msingi ya kuamini kwamba nguvu iliyotumika haikuwa halali.

Uzito wa jambo hili uko hapa. Katika kesi nyingine yoyote ya mauaji, polisi hujiuliza kama kuna sababu ya kuamini kwamba fulani ameua. Mengine, kwamba alijilinda, kwamba alichokozwa, huja baadaye mbele ya hakimu na juri, yaani jopo la raia wa kawaida wanaoamua hatia. Florida ililivuta swali la kujilinda kutoka mahakamani na kuliweka mikononi mwa askari aliyesimama kwenye maegesho, damu haijakauka, ambapo mara nyingi shahidi mkuu wa upande wa pili ndiye marehemu.

Marekebisho ya 2017

Kwa miaka kadhaa mahakama zilihangaika kujua kinga hiyo itumike vipi. Mwaka 2010 Mahakama Kuu Kabisa ya Florida iliamua kwamba mshtakiwa ana haki ya kusikilizwa na jaji kabla ya kesi kuanza. Mwaka 2015 mahakama hiyo hiyo ikasema kwamba katika usikilizaji huo, mwenye kudai kinga ndiye anayebeba mzigo wa kuithibitisha, kwa kiwango cha chini cha kuonyesha tu kwamba maelezo yake yana uwezekano mkubwa zaidi kuliko ya upande wa pili. Akishindwa, hajapoteza kitu. Anakwenda mbele ya juri, na huko serikali ndiyo inayobeba mzigo wote, bila kuacha shaka yoyote ya msingi.

Tarehe 9 Juni 2017 Gavana Rick Scott alitia saini mswada uliopindua mpangilio huo. Sasa mshtakiwa akishaleta dai la kujilinda linaloonekana kuwa na mashiko juu juu, ni mwendesha mashtaka anayepaswa kulivunja kabla ya kesi, kwa ushahidi ulio wazi na wenye kushawishi. Chama cha waendesha mashtaka cha jimbo kilipinga. Seneta Rob Bradley, aliyeuleta, alijibu kwamba serikali ibebe mzigo tangu mwanzo hadi mwisho wa kesi ya jinai, na kwamba kama mwendesha mashtaka hawezi kushinda hatua hii ndogo basi hatashinda mbele ya juri pia.

Hoja hiyo inavutia, na mtu anayechukia kuona serikali ikimkandamiza raia ataikubali haraka. Mimi siikubali, kwa sababu usikilizaji wa kinga si kesi ndogo. Unaamuliwa na jaji mmoja, ushahidi mara nyingi haujakamilika, na jaji akikosea kwa upande wa mshtakiwa, mambo yameisha: juri haitaona chochote. Akikosea kwa upande wa serikali, juri bado ipo. Sheria iliyopanga mizigo kwa haki ingetazama ni kosa gani linaweza kusahihishwa na lipi haliwezi.

Gualtieri aliyataja mabadiliko hayo ya mwaka uliotangulia alipoeleza kwa nini hamkamati Drejka. Kwake, mzigo ulikuwa umehamia kwa serikali, na aliona si rahisi kuubeba. Na hapa kuna jambo lililonishangaza nilipofuatilia kisa hiki: waliomkosoa hawakuwa wapinzani wa sheria peke yao. Hammer na Baxley, wazazi wa sheria yenyewe, walijitokeza wakasema hakuna mahali inapomkataza sherifu kukamata pale penye sababu ya msingi. Kwa maandishi walikuwa sahihi. Kiwango cha kukamata hakikuguswa mwaka 2017, na video ile ilimpa sherifu sababu ya kutosha.

Lakini kuwa sahihi kwa maandishi hakutoshi. Askari anasoma sheria kwa kuangalia mwisho wake. Akijua kwamba miezi michache mbele mwendesha mashtaka atatakiwa kuuvunja utetezi kwa kiwango cha juu kabla hata ya kesi, na akijua kwamba kumkamata mtu mwenye kinga ni jambo ambalo sheria imelikataza kwa jina, ataona usalama wake uko katika kutokamata. Walioandika sheria iliyompa askari sababu mbili za kusita hawawezi kumlaumu peke yake kwa kusita.

Mahakamani

Tarehe 13 Agosti 2018 Bernie McCabe, mwendesha mashtaka mkuu wa kaunti za Pinellas na Pasco, alimfungulia Drejka shtaka la kuua bila kukusudia, naye akakamatwa siku hiyo. Hakuna kifungu kilichokuwa kimebadilishwa katika siku hizo 25. Sheria ilikuwa ile ile, video ile ile.

Kesi ilisikilizwa Agosti 2019 mbele ya Jaji Joseph Bulone na juri ya watu 6, ambayo ndiyo idadi ya kawaida Florida kwa makosa yasiyobeba adhabu ya kifo. Mawakili wa Drejka waliacha kuomba ule usikilizaji wa kinga ulioimarishwa mwaka 2017, wakaenda moja kwa moja kujitetea mbele ya juri kwamba aliogopa kwa ajili ya maisha yake. Hivyo kesi iliyopewa jina la jaribio kubwa la sheria mpya haikuipima sheria mpya hata kidogo ndani ya mahakama. Kazi yake yote sheria ile iliifanya kabla, katika ofisi ya sherifu.

Ushahidi uliomwangusha ulikuwa wa aina mbili. Wa kwanza ni maneno yake mwenyewe katika chumba cha mahojiano. Aliwaeleza wapelelezi kwamba watu wanaoegesha kwenye nafasi za walemavu humkera kwa muda mrefu, na alisimulia tukio kana kwamba McGlockton alikuwa akimjia tena. Wakamwambia video haionyeshi hivyo. Wa pili ulikuwa wa dereva wa lori aliyesema kwamba miezi kadhaa kabla, kwenye maegesho yale yale na juu ya nafasi ile ile, Drejka alimfokea na kumtishia kumpiga risasi. Juri ikaona mtu mwenye mazoea, siyo mtu aliyekutwa na balaa asilolitafuta.

Utetezi ulisisitiza kishindo cha kusukumwa. Na lazima tukiri: kusukuma kule kulikuwa kwa nguvu, kulikuja ghafla kutoka kwa mtu mdogo kwa umri na mwenye mwili wenye nguvu kuliko wake, na Drejka hakujua nini kingefuata. Kama McGlockton angemwendea tena akiwa chini, nadhani juri nyingi zingemwachia. Ndiyo maana zile hatua za kurudi nyuma ni muhimu kuliko kitu kingine chochote katika jalada hili. Hofu inaweza kuwa ya kweli kabisa moyoni na bado isiwe na msingi mbele ya macho ya mtu mwenye busara aliyesimama pale pale.

Tarehe 23 Agosti 2019, baada ya saa kadhaa za majadiliano, juri ilimkuta na hatia. Tarehe 10 Oktoba Jaji Bulone alimhukumu miaka 20 jela, akimwita mtu aliyejiteua mwenyewe kuwa mlinzi wa nafasi za maegesho ya walemavu. Kifungo cha juu kabisa kilikuwa miaka 30.

Wapo waliosema basi, haki imetendeka, sheria haina tatizo. Siwezi kukubaliana nao. Duka lilikuwa na kamera, na kamera ilielekea mahali sahihi. Iondoe kamera: kuna mtu aliyeanguka chini na michubuko yake, kuna maelezo yake kwamba jamaa alikuwa anamrudia, kuna mama mwenye uchungu ambaye utetezi ungesema anamtetea mpenzi wake, na kuna maiti. Katika hali hiyo, mwendesha mashtaka angetoa wapi ushahidi ulio wazi na wenye kushawishi?

Mapendekezo, yakipimwa kwa kisa hiki

Wiki chache baada ya mauaji, wabunge wa chama cha Democratic walitaka bunge la jimbo liitishwe kwa kikao maalumu kuijadili sheria hiyo. Ombi halikupata idadi ya wabunge iliyohitajika. Tangu hapo miswada imekuwa ikiletwa na kufia kwenye kamati. Iliyo maarufu ni ya kufuta kabisa sheria ya 2005 na kurudisha wajibu wa kukwepa.

Naunga mkono kurudisha wajibu huo kwa sababu zinazovuka kisa hiki. Utafiti uliochapishwa katika jarida la JAMA Internal Medicine ulilinganisha Florida kabla na baada ya Oktoba 2005 na majimbo yasiyokuwa na sheria hiyo, ukakuta mauaji yameongezeka kwa asilimia 24.4 na mauaji ya bunduki kwa asilimia 31.6. Hizo si namba za kupuuza. Lakini tukiwa wakweli, kurudisha wajibu wa kukwepa peke yake kusingebadilisha lolote Clearwater. Mtu aliyeketi kwenye lami hana pa kukwepea kwa urahisi, na wakili yeyote angelisema hilo kwa dakika moja. Swali halikuwa kama angeweza kuondoka. Lilikuwa kama kulikuwa na haja ya kupiga risasi. Anayeandika mswada akimtaja McGlockton, kisha akagusa kifungu cha kukwepa tu, ameacha jeraha lenyewe.

Mimi ningeanza na 776.032. Sentensi inayosema mashtaka yanajumuisha kukamata na kuweka mahabusu iondolewe. Polisi wakamate au waache kwa kanuni ile ile wanayotumia kwa kila kosa jingine, na kinga ibaki kuwa suala la jaji. Raia aliyejilinda kwa haki atasumbuka kwa siku chache, na siuchukulii usumbufu huo kuwa mdogo. Ila familia ya aliyeuawa nayo ina haki ya kuona kwamba uamuzi haukufungwa katika mkutano wa waandishi wa habari.

Pili, mzigo katika usikilizaji wa kinga urudi ulipokuwa mwaka 2015. Hapa nalazimika kukabiliana na kisa kinachonipinga, nacho ni cha Marissa Alexander wa Jacksonville. Mwaka 2010 mama huyu Mweusi, akimkabili mume aliyekuwa na historia ya kumpiga, alifyatua risasi ukutani bila kumjeruhi mtu. Aliomba kinga akakataliwa, na mwaka 2012 akahukumiwa miaka 20 chini ya sheria ya vifungo vya lazima kwa matumizi ya bunduki. Wanaotetea mabadiliko ya 2017 wanaweza kusema: mnaona, mzigo ukiwekwa kwa mshtakiwa, wanaoumia ni wanyonge kama huyu.

Ni hoja nzito kuliko zote za upande ule. Lakini tazama yaliyomfikisha pale na yaliyomtoa. Mwaka 2013 mahakama ya rufani ilifuta hatia yake kwa sababu juri yake ilielekezwa vibaya, ikafanywa iamini kwamba ni yeye anayepaswa kuthibitisha kujilinda ndani ya kesi yenyewe, jambo ambalo sheria haijawahi kuruhusu. Mwaka 2014 bunge likaongeza kwamba kutishia kutumia nguvu kunalindwa sawa na kuitumia. Mwaka 2016 kosa la aina yake likaondolewa kwenye orodha ya vifungo vya lazima. Yaani milango yote mitatu iliyomponza ilishazibwa kabla ya 2017. Alichofanya Bunge mwaka 2017 hakikumsaidia yeye wala aliye katika hali yake zaidi ya hayo, na kimewapa wengine wote kinga ambayo kuivunja ni kazi kubwa.

Tatu ni lile linalonikera kuliko yote, kwa sababu halizungumzwi. Kifungu cha 776.041 kinamnyima haki ya kujilinda yule aliyeanza uchokozi, isipokuwa awe ameshajaribu kila njia ya kujinasua. Ukisoma hivyo unadhani kinamhusu Drejka. Hakimhusu. Tangu uamuzi wa mahakama ya rufani katika kesi ya Gibbs mwaka 2001, uchokozi unaohesabika ni wa nguvu au wa kutishia nguvu. Maneno hayahesabiki. Unaweza kujifunga bastola, ukaenda kumtafuta mtu usiyemjua, ukamfokea mbele ya watoto wake mpaka mtu wa familia akasirike, na akikugusa, sheria inakutazama kama mtu aliyekuwa amesimama tu pale akivamiwa.

Sisemi maneno yawe kosa. Mtu ana haki ya kumwambia mwenzake kwamba ameegesha vibaya, hata kwa ukali. Ningependa kifungu kiseme hivi: aliyebeba silaha ya moto na akaanzisha kwa makusudi ugomvi na mtu ambaye hajamtendea kitu, hapotezi haki ya kujilinda, ila anarudishiwa wajibu wa kukwepa na wa kutumia nguvu ya kuua pale tu pasipo na njia nyingine. Wajibu huo ungemlazimisha Drejka angalau kufanya jambo jepesi kabisa katika zile sekunde nne: kuilenga bastola, kumwona mwenzake akirudi nyuma, na kungoja.

Florida yenyewe imekuwa ikienda upande mwingine. Novemba 2020 ofisi ya Gavana Ron DeSantis ilisambaza rasimu iliyopendekeza kupanua sheria hii ili iguse hata uporaji unaotokea karibu na ghasia. Sehemu hiyo haikuingia katika sheria ya ghasia iliyopitishwa mwaka 2021, na ni afadhali, kwa maana ingekuwa ruhusa ya kuua kwa ajili ya mali. Tangu tarehe 1 Julai 2023 mtu mzima anayestahili kuwa na bunduki hahitaji tena leseni ya kuibeba ikiwa imefichwa. Ndugu zetu walioko kule, Wakongomani, Wakenya, Watanzania, wajue hivyo wanapoingia kwenye mabishano ya barabarani au ya maegesho.

Mwezi mmoja kabla ya tarehe hiyo, tarehe 2 Juni 2023, Ajike Owens, mama wa watoto 4, aliuawa mjini Ocala kwa risasi iliyopenya mlango uliofungwa wa jirani yake, baada ya ugomvi uliohusu watoto. Sherifu wa kaunti ya Marion ulipo mji huo, Billy Woods, alieleza kwamba kabla ya kumkamata mpigaji ni lazima kwanza ofisi yake iondoe uwezekano kwamba alikuwa na haki ya kutumia nguvu. Mpigaji huyo alikamatwa siku ya nne. Mwaka 2024 juri ilimkuta na hatia ya kuua bila kukusudia, akapewa miaka 25. Kifungu alichokitegemea Woods ni kile kile cha 776.032, na hakuna neno lililokuwa limebadilishwa ndani yake tangu Clearwater.